Mtoto Aliyeuliza Kesi ya Ng'ombe

Mimi ni mtu wa kuuliza. Hapa Pasua kuna wanaoniita mahakama, maana mteja akikaa kwenye benchi langu kusubiri nguo yake, kabla sijamaliza kumshonea vifungo nimeshajua kwao ni wapi, ameolewa na nani, na mama mkwe wake ana tabia gani. Mimi ni fundi cherehani. Mikono na miguu ina kazi, mdomo ndio umebaki bure, nifanyeje? Kwa hiyo mdogo wangu alipofungwa, pamoja na uchungu wote tulioupata, na ulikuwa uchungu wa kweli, kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa inaniwasha: jamani, huko ndani kukoje?

Kosa lake sina la kulitetea. Alikuwa anakaanga bagia na sambusa pembeni ya soko, akagombana na mama mwenzake waliyekuwa wanabanana naye meza. Maneno yakapanda, yakavuka mpaka, mdogo wangu akanyanyua karai la mafuta ya moto. Yule mama alipona, lakini mkono wake wa kulia mpaka leo una kovu kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani. Nakutana naye sokoni, tunasalimiana, ananiuliza hali ya mtoto wa mdogo wangu, namjibu, halafu kila mtu anashika njia yake. Sisi ni watu wa mji, huwezi kumkimbia mtu ambaye mnanunua naye nyanya meza moja.

Siku ya hukumu mdogo wangu alikuwa na mimba, hata haijaonekana vizuri. Baba wa mtoto alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, mtu wa mkoa wa mbali. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, na simu yake ikawa haipatikani. Mtoto alizaliwa hospitali, askari wa kike akiwa ameketi pembeni ya kitanda, na mama yake alipotoka pale alirudi naye gerezani. Mimi nilidhani watamnyang'anya. Kumbe mtoto anaruhusiwa kunyonyeshwa humo humo mpaka aache ziwa, ndipo ndugu waitwe wamchukue. Hilo nilielezwa na askari wa getini, baada ya kumhoji mpaka naye akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari.

Siku za kutembelea wafungwa ni mwisho wa wiki, na kila mfungwa ana zamu yake. Unafika getini, unaacha simu, unaacha mkoba, unaonyesha kitambulisho, unaandikishwa umekuja kwa nani na wewe ni nani kwake. Askari wa kike anakupapasa kila mahali, hata kwenye kilemba. Kisha mnapangwa upande huu wa wavu, wao wanaletwa upande ule, na kila mmoja anaanza kupaza sauti kwa sababu jirani yake naye anapaza. Askari anasimama karibu anasikiliza, hivyo mazungumzo yote ni ya Kiswahili. Kuna akina mama wanaoshuka kutoka Machame na Kibosho, furaha au hasira ikiwapanda wanateleza kwenye Kichagga, na askari anawarudisha kwa upole, Kiswahili, mama, Kiswahili. Sikio langu moja lilikuwa kwa mdogo wangu na lingine kwa majirani. Nusu ya habari za mkoa huu nimezipatia pale kwenye wavu.

Mdogo wangu mwenyewe nilimhoji bila huruma. Mnaamka saa ngapi? Mnalalia nini? Mboga yenu ni nini? Alikuwa ananijibu huku anacheka, maana ananijua. Wanaamka alfajiri, wanachuchumaa kwa mistari, wanahesabiwa. Wakishahesabiwa kila mtu na kazi yake, wengine bustani ya mboga, wengine kuku, wengine kufuma vitambaa vya makochi, wengine cherehani. Jioni wanachuchumaa tena, wanahesabiwa tena, mlango unafungwa. Wasiojua kusoma wana darasa lao. Ijumaa anakuja ustadhi, Jumapili wanakuja watu wa kanisa na kwaya yao, na hiyo kwaya wanaisikiliza hata Waislamu kwa sababu ndiyo burudani ya wiki. Yote hayo, aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekaririshwa, ni urekebishaji, ili mtu atoke akiwa na kitu mkononi.

Nikamuuliza yeye wamempa nini mkononi. Akaangalia chini. Wamempeleka kwenye cherehani.

Nilicheka mpaka askari akanigeukia. Huyu mtu nilihangaika naye ujana wake wote nimfundishe kushona, akawa anatoroka kwenda kukaanga mihogo kwa shoga zake! Mimi alinishinda, serikali imemuweza. Nikamwambia haya, nionyeshe kazi yako. Akainua pindo la gauni lake mwenyewe akalisogeza kwenye wavu, nami nikainama nikalikagua. Uzi wa chini ulikuwa umelegea. Nikamwambia akaze bobini, na asivute kitambaa kwa nyuma, akiache kiende chenyewe. Zamu iliyofuata akaniletea pindo lingine, na iliyofuata lingine. Wenzetu walikuwa wanaongea habari za rufaa na mashamba, sisi tunaongea mapindo.

Mtoto nilikuwa nimemwona mara chache tu, amefungwa mgongoni, amelala. Siku moja mdogo wangu akaja hana pindo wala utani. Mtoto anakaribia kuacha ziwa, akasema, na yeye ameshaitwa ofisini kuulizwa nani atamchukua. Wazazi wetu wametangulia. Wanangu wameshakua, wana maisha yao, nyumba imebaki na mimi na cherehani. Hapo pa kuitia kikao cha ukoo ni wapi? Nikamwambia nitamchukua, alitegemea nini.

Alishika wavu kwa vidole vyote. "Dada, asikuite mama," alisema. "Akuite mama mkubwa. Kila siku mwambie mama yake ni mimi. Mpaka nitoke hapa atakuwa ameshaanza shule, na mtoto mdogo anasahau."

Nikamwambia mama mkubwa ndiyo mimi, tangu lini dada wa mama akaitwa vingine. Hakucheka. Aliendelea kuushika ule wavu ananitazama, mpaka nikaapa. Niliapa pale pale mbele ya askari, kwamba mtoto huyu hatakua bila kujua mama yake ni nani.

Nilidhani nitapewa mtoto kesho yake. Thubutu! Kwanza akaja afisa ustawi wa jamii, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akakagua kitanda, choo, jiko na dirisha. Akawauliza majirani mimi ni mtu wa namna gani. Kisha akakaa kwenye benchi langu la wateja akaniuliza maswali mpaka jasho likanitoka. Majirani walicheka wiki nzima, mahakama imehojiwa. Alipoanza kufunga begi lake na mimi nikamuuliza ya kwangu, akanieleza utaratibu. Mtoto aliyezaliwa ndani hang'olewi ghafla. Nitakuwa naenda siku za katikati ya wiki, siyo kwenye wavu bali kwenye benchi lililo ndani ya geti, na askari wa kike atamleta mtoto nikae naye mpaka anizoee. Akinizoea, nampeleka nyumbani. Akinikataa kabisa, itabidi watafute makao ya watoto, na yenye nafasi yako mkoa mwingine.

Siku ya kwanza nilivaa kitenge changu kizuri, maua makubwa mekundu na ya njano, na mtandio wa kung'aa. Fundi ukivaa hovyo nani atakuletea kitambaa chake? Mtoto akaja amemshika askari kidole, anatembea vizuri, macho ni yale yale ya mama yake. Aliponiona akasimama. Nikamnyooshea mikono. Akapiga yowe, akajificha nyuma ya sketi ya askari, na hapo ndipo alipobaki mpaka muda ukaisha.

Niliumia, na nilikasirika pia. Nimewashonea maharusi wa mji huu mpaka nimepoteza hesabu, leo nguo yangu inatisha watoto? Nikamuuliza askari nimekosea nini. Akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu. Huyu mtoto, akasema, tangu azaliwe anajua nguo za aina mbili, sare ya wafungwa na kaki ya askari. Mtu aliyevaa bustani nzima hajawahi kumwona.

Haya. Nyumbani nilikuwa na mabaki ya kaki ya kushonea kaptula za shule. Nikayaunganisha, nikajishonea gauni la mikono mifupi, lina mifuko kifuani na mkanda kiunoni. Siku nilipolivaa askari wa getini aliniangalia kwa muda mrefu, akaniuliza nimeajiriwa lini. Nikamwambia leo. Mtoto alipoletwa alinikodolea macho, akasogea, akagusa mfuko wa kushoto, akagusa wa kulia, akapanda mapajani kwangu akakaa. Kisha akaniangalia usoni akasema, "Afande." Yule askari wa kike ilibidi ageukie ukutani acheke. Mimi niliitika. Kwa wiki kadhaa nilikuwa afande, na kila nilipomwambia aseme mama mkubwa, alisema afande mkubwa, nikawa nimepandishwa cheo.

Siku ya kumchukua mtoto, mama yake hakuja getini. Askari alisema ni yeye mwenyewe aliyekataa, amebaki kwenye cherehani na hataki kusemeshwa. Mtoto alikuja amevaa gauni jipya la buluu, na sikuhitaji kuuliza nani kalishona. Niligeuza pindo pale pale. Lilikuwa limenyooka, uzi umekaza juu na chini, sikuona pa kutia mkasi. Nikajikaza nisilie mbele ya askari, nikambeba mtoto, geti likafunguliwa.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kutazama. Wallahi sijawahi kumtazama binadamu namna nilivyomtazama yule mtoto miezi ile ya kwanza. Alikuwa hafungui mlango. Hata ukiwa umerudishiwa tu, anasimama mbele yake, mikono nyuma, anasubiri aje mwenye mamlaka. Muuza nyama alikuwa afande, mwadhini alikuwa afande, hata mbwa wa jirani mwanzoni alikuwa afande kwa sababu anakaa getini. Jioni adhana ya magharibi ikianza anaacha alichokuwa anachezea, anakwenda katikati ya uwanja, anachuchumaa. Siku ya kwanza sikuelewa. Nikamvuta ndani, akalia kwa hasira, akachomoka akarudi kuchuchumaa pale pale. Ndipo nikakumbuka habari nilizopewa kwenye wavu. Nikasimama mbele yake, nikamnyooshea kidole, nikasema moja. Akainuka, akapangusa magoti, akaingia kula. Tuliendelea hivyo kila jioni, mpaka siku moja akawa na mchezo mtamu kuliko kuhesabiwa.

Na ule mlima wetu wenye theluji je? Kule ndani alikuwa anauona juu ya ukuta, asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Alipouona umesimama nyuma ya mabati ya Pasua alishika kiuno, akaniuliza nani ameuleta. Nikamwambia haujaletwa, uko hapo siku zote, hata Shirimatunda kwa shoga yangu unaonekana. Hakuamini. Tulipokwenda Shirimatunda kitu cha kwanza alichofanya ni kuutafuta, na alipoupata alinitazama kwa heshima, akidhani nimeuhamisha mimi. Sikumkatalia haraka, nani hataki sifa?

Kiapo changu nilikishika. Asubuhi nikimvisha, jioni nikimwogesha, nilimwambia: mama yako yuko kule, anakupenda, atakuja, mimi ni mama mkubwa. Aliitikia kwa kichwa. Zamu ya mdogo wangu ilipofika nikamchukua mtoto kwa furaha, nikijua ninawapelekea watu wawili raha.

Lo! Hakuwahi kumwona mama yake akiwa upande ule wa wavu. Alipomwona alikimbia, akagonga wavu kwa viganja, akazunguka huku na huku anatafuta mlango. Alikuwa anataka kuingia. Watu wote tuliosimama pale tunaomba ndugu zetu watoke, huyu wa kwetu analia aingizwe ndani. Mdogo wangu alipitisha vidole kwenye matundu, mtoto akavishika akawa anavivuta, na askari akaangalia pembeni. Tulipokuwa tunaondoka mdogo wangu aliniambia nisimlete tena mpaka atakaponiambia. Nikamuuliza, na kusahauliwa je? Akajibu kwamba afadhali asahau kidogo kuliko alie vile.

Nikawa naenda peke yangu, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anauliza. Anakula nini, ameota jino gani, analalia upande upi, amesema neno gani jipya. Na swali la mwisho kila mara lilikuwa ni hilo hilo, kama bado anamkumbuka. Nilimjibu ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba sikujua, maana mtoto hakuwahi kumtaja mama yake mwenyewe bila mimi kuanza. Niliulizwa jambo nisilolijua, mimi ninayejua habari za kila mtu, na lilikuwa linaniuma.

Nina mteja wangu Machame, bibi mmoja Mlutheri, ninamshonea sare za akina mama wa kanisa lake. Tumeshibana miaka mingi, na nikipanda kumpima lazima nirudi na ndizi na maziwa. Nilipompeleka mtoto ilikuwa msimu wa baridi, migomba inadondosha maji, huwezi kuona nyumba ya jirani kwa ukungu. Bibi akapokea shikamoo yake, akampa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akamwongoza nyuma ya nyumba amwone ng'ombe. Kule kwenye vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ng'ombe hatoki kuchungwa, nafasi ya kuchungia hakuna. Anakaa bandani mwaka mzima, majani anakatiwa, maji analetewa, samadi inatolewa.

Mtoto alisimama mbele ya mbao, mikono nyuma. Akamtazama ng'ombe. Akatazama komeo, akatazama ndoo ya chakula. Kisha akamgeukia bibi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ana kesi gani?"

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Akamwambia hana kesi, mjukuu wangu, amefungiwa asile migomba. Mtoto akafikiri, akauliza atatoka lini. Bibi akamwambia hatoki, hapa ndipo kwake, chakula anapewa. Mtoto akafikiri tena, akauliza kama anahesabiwa. Hapo bibi akanitazama mimi, kicheko kimekwisha.

Nilikuwa nimemwambia tu kwamba mtoto ni wa mdogo wangu. Nikamweleza yaliyobaki pale pale, miguu kwenye majani mabichi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulaumu mtu. Akamgeukia mtoto, akamwambia ndiyo, namhesabu kila jioni, usiwe na wasiwasi. Kisha akaniuliza mimi kama mama yake anapenda mtori. Nikamwambia anaupenda sana, lakini chakula cha nyumbani hakipiti kwenye wavu. Akasema basi akitoka nimpandishe huku, atamchinjia jogoo.

Tulikuwa tunateremka njia ya mashamba ya kahawa, nimebeba ndizi kichwani na mtoto nimemshika mkono, aliposema peke yake, sikuwa nimemuuliza kitu: "Mama naye hatoki." Nilisimama. Nilifurahi mpaka ndizi zikataka kuanguka. Hajasahau, kumbe mama yake yumo moyoni!

Mdogo wangu alicheka kesi ya ng'ombe mpaka akajishika mbavu, akanifanya nirudie, na askari aliyekuwa zamu naye akacheka, hata hakujificha. Habari ikaingia ndani. Zamu iliyofuata aliniambia kwamba wenzake wamemfungulia ng'ombe mashtaka, wamepata hakimu na mwendesha mashtaka, na mshitakiwa amekutwa na hatia ya kula migomba ya jirani, amefungwa maisha na kazi ya kutoa maziwa. Tukacheka tena. Halafu akaniuliza taratibu kama ni kweli mtoto alisema mama naye hatoki. Nikamwambia alisema kwa mdomo wake. Akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Mlete," alisema.

Hapo katikati miezi ilikuwa imepita. Mtoto alikuwa na wenzake wa kucheza nao uwanjani, kila mmoja ana mama wa kumwita akianguka, na huyu wa kwetu lile neno la "mkubwa" likawa linamdondoka. Nilimrekebisha kila mara. Akirekebishwa anasema vizuri, akianguka tena anasahau. Mara ya kwanza aliponiita mama nilihisi joto kifuani, na papo hapo nikamwambia hapana, sema mama mkubwa, nikajiambia na mimi pia.

Njia nzima kuelekea gerezani nilimfundisha. Tunakwenda kwa nani? Kwa mama. Mimi nani? Mama mkubwa. Alijibu bila kukosea. Mdogo wangu aliletwa, amejipaka mafuta usoni, kitambaa cha kichwani amekifunga upya. Mtoto hakukimbia wala hakulia. Alisimama karibu yangu, akamtazama yule mwanamke wa upande wa pili, akainamisha kichwa kama anavyowasalimia watu wazima wote wa Pasua. "Shikamoo," alisema.

Mdogo wangu alisogea karibu na wavu. "Marahaba, mwanangu."

Kisha akajikaza, akamuuliza habari za ng'ombe, na mtoto akafunguka. Alimweleza pembe, alimweleza ulimi, alimweleza jinsi anavyotafuna hata kama hajapewa kitu. Mdogo wangu akawa anauliza kila jambo dogo: ana rangi gani, ana ndama, alikuangalia, ulimwogopa? Mimi niliyezoea kuuliza niliwaachia. Mtoto alicheka, mama yake akacheka, na wavu ukawa kama haupo. Nilianza kupumua.

Ndipo mtoto akachoka kusimama. Akanivuta nguo. "Mama," alisema, "nataka maji."

Nilisubiri aongeze lile neno. Hakuongeza. Alivuta tena kwa nguvu, uso umeelekea juu kwangu, mama yake amesimama mbele yetu anaona na kusikia kila kitu. Akaniita tena mama.

"Anamaanisha mama mkubwa," nilimwambia mdogo wangu. Nikamgeukia mtoto. "Wewe, sema vizuri."

Mtoto akaanza kukunja uso, hajui kosa lake. Mdogo wangu alikuwa ameshika wavu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, lakini sauti haikutetemeka.

"Mwache, dada," alisema. "Mtoto ana kiu. Mwitikie."

Nikaitika. Mara ya kwanza sauti haikutoka, ikabidi niitike tena.